Maziwa ya Ghalani

Bwana Afya alifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, kabla ya kumgusa mtoto yeyote, na kila alipotaja wilaya alipapasa ufunguo wa ghala uliofungwa kiunoni mwake. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. "Maziwa ya unga yamo ghalani, akina mama, yanangoja kibali cha wilaya. Na nisisikie mtu anamlisha mtoto wadudu. Atakwenda kujieleza kwa mwenyekiti wa kijiji." Hayo alikuwa akiyasema tangu watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, na kibali hakijafika.

Jumanne hiyo, siku ya kupima watoto, Mwaija alimpandisha mwanawe Mbaruku mizanini. Mwezi uliopita mbavu za mtoto zilikuwa zikihesabika. Tangu mvua zianze, Mwaija alikuwa akimkaangia na kumtwangia kumbikumbi na kumchanganyia kwenye uji. Mshale wa mizani ukapanda. Bwana Afya akafuta miwani, akautazama tena.

"Huyu amekula nini, mama?"

Mwaija akautazama ule ufunguo. "Maziwa ya serikali, bwana."

Kwenye foleni mtu akakohoa kuzuia kicheko. Bwana Afya alichonga penseli bila haraka, akaandika huku akijisomea: "Maziwa yamefaa sana." Kisha akainama karibu na sikio la Mwaija.

"Na hayo maziwa, mama, unayakaanga kwa chumvi?"

"Kidogo tu, bwana. Ila upepete mabawa kwanza."