Mgeni Angoje, Baruti Ipimwe

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, majani yakidondoka huko Louisville, Marekani, upande wa kusini wa mji, na kichwa changu kimejaa saluni. Sikuwa nayo hiyo saluni. Nilikuwa naiota tu. Vidole vilifunga maboksi ghalani, moyo ulikuwa unasuka nywele: naona viti vyekundu, vioo vipana, wanawake wanacheka. Usitafute mvi kichwani mwangu, bado ni chache, lakini jambo hili nililiona mapema, na nimekuwekea.

Nilikaa kwa Baba Mdogo Zabroni, mdogo wake baba yangu. Sisi ni Warundi tuliolelewa kambi ya wakimbizi, Kigoma. Baba Mdogo alinunua bastola baada ya nyumba ya jirani kuvunjwa, akaja kuipenda kama watu wengine wanavyopenda redio. "Hii haijawahi kunikatalia," alizoea kusema. Mmarekani mmoja mpole aliyefanya naye kazi alimfundisha kutengeneza risasi nyumbani. Unaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, unayasafisha, unayawekea kiwashio kipya kitakoni, unapima baruti, kisha unakandamiza kichwa cha risasi juu yake.

Kazi hiyo aliifanya gereji, bila simu wala wimbo, na yeye ni mwimbaji wa kwaya. Maganda yalisimama kwenye kibao chenye matundu kama watoto wa shule mstarini. Akishatia baruti, alimulika kila ganda kwa tochi, akachungulia ndani, ndipo akalifunga. Nilipenda kumtazama. Ule mwanga mdogo ukitembea juu ya shaba ulinichukua ukanipeleka mbali, sijui wapi.

Basi alasiri hiyo akaingia Papa Bahati, Mkongomani wa Kivu, ametoka Lackawanna, pale karibu na Buffalo. Alikuja kumposea mwanawe. Aliyekuwa anaposwa ni mimi. Tulimtazamia kesho yake, lakini wageni wetu unawajua, kalenda yao wanayo wenyewe. Akasimama mlangoni mwa gereji, kofia mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha.

Baba Mdogo alikuwa katikati ya mstari, kijiko cha baruti mkononi. Kwetu mkwe hasubirishwi, hata nyumba iwe inaungua. Akaweka kijiko chini, akainuka, akaupokea mkono ule kwa mikono miwili. Habari za safari, za mama, za watoto, za kanisa, za wagonjwa, za waliobaki Uvira. Salamu zetu ni nyumba yenye vyumba vingi, na huwezi kuruka hata kimoja. Kisha Papa Bahati akakalia ndoo iliyopinduliwa, mazungumzo yakaendelea, na Baba Mdogo akawa anaitikia "ndiyo, Papa" huku anafunga risasi moja baada ya nyingine. Tochi ililala mezani. Hakuna aliyeigusa.

Kesho yake tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji. Baba Mdogo alitaka mgeni aione bastola isiyokataa.

"Mi nilisikia ile makelele ya kutosha kwetu," Papa Bahati akasema. "Bon, nitaangalia. Mukamwana apige, nione kama mtoto wangu atakuwa anachelewa kurudi ku nyumba."

Mukamwana, yaani mke wa mwana, ndiye mimi. Nikacheka, nikapiga. Zile za kwanza zilikwenda vizuri, bastola inaruka mkononi kama samaki. Halafu ikatoa sauti ndogo, puu, kama mtu ametema mbegu. Wala haikuruka.

Sasa sikia, mwanangu. Kambini redio ikigoma unaipiga kofi, inaimba. Tochi ikizima unaitikisa. Sisi tumekua hivyo, kitu kikikataa tunakilazimisha, na mara nyingi kinatii. Mkono wangu haukuniuliza. Ukakoki, ganda likadondoka, risasi nyingine ikapanda, na kidole kikaanza kurudi mahali pake.

"Acha."

Baba Mdogo hakupaza sauti. "Kidole nje, mwanangu. Ielekeze huko huko mbele. Nipe taratibu."

Akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaitoa na ile risasi iliyopanda, kisha akapitisha kijiti chembamba ndani ya mtutu. Kikafika nusu, kikagota.

"Iko nini?" Papa Bahati akauliza.

"Kichwa cha risasi kimekwama humu. Lile ganda halikuwa na baruti, Papa. Kiwashio peke yake ndicho kilichokisukuma mpaka hapa."

"Na kama angepiga ingine?"

Baba Mdogo aliitazama mikono yangu, si uso wangu. "Ingempasukia."

Nikavitazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Viti vyekundu, vioo, vicheko vyote vile vilikuwa vimening'inia hapo, kwenye nyama laini kiasi kile. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani. Nilisikia kila jani.

"Ni jana," Baba Mdogo akasema. "Niliacha katikati ya mstari ili nikusalimie. Niliporudi sikumulika."

Papa Bahati alivaa kofia yake, akaivua tena. "Zabroni, ulinionea haya. Na haya yako ilitaka kukata huyu mtoto mikono. Ungesema tu, 'Papa, ngoja.' Mi nilingojea Amerika myaka na myaka mu kambi. Nitashindwa kungojea kijiko ya baruti?"

 Tuliporudi nyumbani Baba Mdogo alifungua risasi zote za jana, moja moja, akaimwaga baruti, akaanza kuipima upya. Papa Bahati akabeba kiti, akakaa nje ya mlango wa gereji. Kila baada ya muda tulimsikia.

"Tayari?"

"Bado, Papa."

"Bon."

Chakula cha posa kilipoa, na kilikuwa kitamu.

Siku hizi niko Columbus, jirani na chuo kikuu, nasuka vichwa vya wanafunzi na nalipwa kwa kuota. Mkwe wangu husema mikono hii aliiposa mara mbili.

Mwanangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ni kweli. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa adabu inamtoa kwenye kazi iliyoshika uhai wa mtu. Chuma hakina uaminifu wake chenyewe, kinaazima wa mkono uliokiandaa. Kwa hiyo, ukiwa katikati ya jambo la namna hiyo, iwe baruti, iwe dawa ya mgonjwa, iwe usukani, sema "ngoja" bila kuona haya, anayekupenda atangoja. Ukikatizwa, usiamini kumbukumbu yako, anza upya. Na kitu kikilia tofauti na jana, usikilazimishe. Kiweke chini kwanza, ukiulize. Kawia ufike.

Mungu akujalie wageni wengi, na wawe na subira. Akupe ulimi wa kuwaambia wakungoje, na uzee wa kuwapokea kwa mikono yako yote miwili.