Vyeti Kumi na Vinne vya Tarishi

Tarishi wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa alikuwa na vyeti kumi na vinne vya mafunzo, na hakuna hata kimoja alichokiomba. Wenzake walimwita Profesa. Kila barua ya mafunzo ilipofika kutoka makao makuu, mkuu wa ofisi aliinua miwani na kuuliza swali lile lile: "Nani hana kazi nyingi wiki hii?" Makarani wote walikuwa na kazi nyingi. Hata aliyekuwa anakata kucha alikuwa na kazi nyingi! Basi anakwenda tarishi, maana barua zake zinaweza kungoja.

Ndivyo alivyosomea uongozi wa idara, yeye asiyemwongoza hata mfagizi. Akasomea ununuzi, huduma kwa wateja, hata namna ya kupunguza msongo wa mawazo. Alikaa mstari wa mbele, akaandika kila neno. Mkewe alivipigia misumari vyeti vyote sebuleni mpaka ukuta ukaisha.

"Mume wangu, cha mwaka huu tutakitundika darini?"

"Bado kimoja tu," alimjibu. "Cha ukarani."

Hicho ndicho kilichomnyima raha. Bila mafunzo ya ukarani, ya wiki mbili tu, tarishi hapandi cheo, hata awe na vyeti mia. Alibakiza miaka miwili kustaafu, na hakutaka kabisa kustaafu akiwa tarishi. Alitaka, walau mara moja, akae mezani watu wamletee yeye makaratasi. Lakini mafunzo hayo hayakuwahi kuja.

Jumatatu moja akaingia mkaguzi wa mafunzo, mama mfupi asiyecheka. Alikuta foleni imefika barabarani, watoto wanalia, na karani wa dirishani, binti wa kucha ndefu, anaitazama kompyuta kana kwamba imemtukana.

"Mfumo huu mlifundishwa mwaka jana," alisema mkaguzi. "Nani alihudhuria?"

Mkuu akaanza kuikagua dari.

"Ni mimi, mama," ikasikika sauti mlangoni. Profesa alikuwa amesimama na kitabu chake cha barua kwapani.

"Wewe ni nani hapa?"

"Tarishi."

Mkaguzi alifumba macho kidogo. Kisha akamwinua binti, akavuta kiti. "Kaa."

Loo, alikaa mtu! Alivaa miwani, akapiga jina, tarehe, jina la mama, printa ikaitika. Kufika saa sita foleni imekwisha. Bibi mmoja, aliyekuwa amehangaikia cheti cha mjukuu tangu mtoto hajaota meno, alikipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, karani," akasema. Profesa alijifanya anafuta miwani, kumbe anafuta machozi.

Mkaguzi aliandika kwamba mafunzo yameleta tija. Akamuuliza Profesa anataka nini, naye akamwambia. Hazikupita wiki mbili barua ikaja: nafasi moja, mafunzo ya ukarani. Profesa, ambaye tangu Jumatatu ile hakuondolewa dirishani, aliipeleka mwenyewe kwa mkuu, akabaki pale pale.

Mkuu aliinua miwani. "Nani hana kazi nyingi wiki hii?"

Profesa akafungua mdomo.

"Aa, siyo wewe!" mkuu akamkata. "Wewe ukiondoka siku moja tu, foleni inarudi barabarani. Wewe sasa huachiliki, Profesa." Na maskini wa Mungu, alidhani anamsifu.

Barua ikaandikwa jina la binti wa kucha ndefu. Na kwa kuwa utarishi bado ulikuwa wake, Profesa akawaomba radhi watu wa foleni, akainuka pale dirishani, akampelekea barua asaini kitabuni.

Binti alishangaa. "Lakini mzee, mimi si karani tayari? Nikasomee nini huko?"

Profesa aliutazama mkono wake ukisaini, taratibu, kwa ajili ya kucha.

"Nenda tu, mwanangu," akamwambia. "Kiti chako nakushikia."