Mgonjwa Hayupo

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu ndiyo iliyoitengenezea kliniki moja ya mtaa wa Umoja mfumo wa faili za wagonjwa: karani anaandika namba ya simu kwenye kisanduku cha kutafuta, faili inafunguka. Lakini sisi namba ya simu tunaitaja kwa mafungu, na hata kwenye kuta za maduka tunaiandika hivyo, na mapengo katikati. Mfumo ukiona pengo, unasema mgonjwa hayupo. Nilimwambia bosi mapema: niruhusu mfumo uyaondoe mapengo wenyewe kabla ya kutafuta. Kazi ya asubuhi moja. Akasema makarani wafundishwe kuandika, yeye anataka michoro ya kupendeza ya kumwonyesha mteja. Michoro!

Basi nikampeleka mama yangu kwenye kliniki hiyo kutoka mtaa wa Tena, kifua kimembana. Nilikuwa nje, napokea simu ya bosi huyo huyo, Mama alipoitaja namba yake na karani akaiandika alivyoisikia. Mgonjwa hayupo. Karani, msichana mpole tu, akamfungulia faili mpya. Muuguzi akamwuliza Mama kama kuna dawa inayomdhuru. Mama hajui majina ya dawa. Anajua tu kwamba kuna sindano iliwahi kumvimbisha koo hapo hapo kliniki, karibu imuue, na kwamba waliiandika. Akajibu iko kwenye faili. Muuguzi akatazama faili, hakuona kitu.

Niliporudi ndani, dawa ilikuwa tayari kwenye sindano. Mama akaniambia aliyoulizwa na alivyojibu. Nilimfokea muuguzi asubiri, nikaingia nyuma ya meza ya karani, nikafuta mapengo kwenye namba ya Mama, nikatafuta upya. Faili ya zamani ikafunguka na onyo jekundu juu yake. Dawa ilikuwa ile ile. Muuguzi aliitupa sindano.

Nikampigia bosi pale pale, mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mteja ameshajua. Mama yangu karibu azikwe, yeye anauliza kuhusu mteja! Nilimtukana matusi ambayo Mama hajawahi kuyasikia kinywani mwangu, na hakunikanya.

Nilipokata simu, karani alikuwa bado amesimama kando yangu, akikitazama kile kisanduku.

“Dada,” akasema, “na wale wengine niliowafungulia faili mpya?”