Nishikieni Kapu Langu

Mimi riziki yangu ni maneno ya watu wengine. Mwandishi anatunga hadithi, Fundi anachora, na mimi nayaandika maneno kwa mkono ndani ya vile viputo vyeupe vinavyotoka midomoni mwa mashujaa. Kiputo kikikaa vibaya kinafunika pua ya mtu, na hapo Fundi hunigeukia, akashusha miwani, akaniuliza kama nina ugomvi na pua. Tumekaa meza za kutazamana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Namjua kama kaka wa tumbo moja, na leo nitamsema, apende asipende.

Kitabu chetu cha katuni kinaitwa Walinzi Saba. Ni saba kwa sababu juu ya jalada pana maduara saba ya nyuso, yaliyopangwa na mwenye kampuni wa mwanzo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuyagusa. Kwa hiyo mwandishi mpya akija na shujaa wake kipenzi, lazima mmoja wa zamani atoke. Na hakuna mwandishi asiyekuja na vipenzi vyake, kama mpangaji anavyohamia na makochi yake. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Enzi zake kikosi kilijaa wenye akili, wakawa wanajadiliana kurasa tatu kabla ya kumkamata mwizi mmoja. Akafuata tuliyemwita Ngumi, akawatimua wasomi wote na kutuletea wanaume wenye vifua kama makabati. Kazi yangu ikabaki kuandika milio ya makofi. Baada yake akaja Mahaba, makabati yakaondoka, kikosi kikageuka harusi isiyokwisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni akija, mwenyeji anafunga virago.

Wasomaji wengi walidhani waliotolewa wametoweka. Wapi! Mwandishi huandika nani anapigana na nani, lakini umati hauandiki. Huweka tu “watu wanakimbia”, basi, yamekwisha. Umati ni mali ya Fundi, na humo ndimo alimowatunza wastaafu wake. Chuma Tupu, aliyetimuliwa na Mahaba, ukitazama vizuri utamwona kituo cha basi, kitambi kimemtoka, anapiga miayo. Daktari Giza anauza miwani ya jua.

“Mtu akitolewa kazini hajatolewa duniani,” Fundi aliniambia nilipomgundua.

Chini ya waandishi wote hao, shujaa mmoja tu hakuwahi kuguswa: Shangazi Radi. Mama mnene wa makamo, ana mwanya, ana kapu. Kabla hajampiga mtu radi huliweka kapu chini na kusema, “Nishikieni kapu langu.” Watoto walilishika neno hilo, wakawa wanalisema wakitaka kupigana shuleni. Wasichojua ni kwamba Shangazi Radi alikuwa mke wa Fundi hasa, bila kupunguzwa wala kuongezwa, ukiacha radi. Hata radi yenyewe sina hakika. Siku moja mwenye nyumba ya ofisi alikuja kumfokea Fundi mbele yetu sote, na wifi yangu huyo alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chakula cha mchana. Akanitazama, akasema, “Wifi, nishikie kapu langu.” Yule bwana aliondoka kinyumenyume. Fundi alikuwa ameshaokota penseli.

Halafu akaja mwandishi wa sasa, Binti Kalamu. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Anaandika vizuri, na viputo vyake havijai maneno. Alikuja na shujaa wake, msichana anayesikia vyuma vikizungumza, na duara alilomtakia lilikuwa la Shangazi.

“Mpe duara lolote,” Fundi alisema. “Hilo hapana.”

“Mengine yote yamebadilishwa mara nyingi mpaka hakuna anayejali, Fundi. Shangazi ndiye pekee anayependwa. Na sitaki atolewe. Nataka afe.”

Nikaona penseli ya Fundi imesimama. Binti wa watu hakujua. Wifi alikuwa amelazwa hospitali, anasubiri kupasuliwa moyo, na Fundi alikuwa amenikataza kumwambia yeyote pale ofisini. Nikakaa nimemeza ulimi wangu, mimi ambaye si kawaida yangu.

“Huku hafi mtu,” Fundi alisema. “Mpeleke umatini kama wenzake.”

“Ndiyo, hafi mtu,” Binti alisema, na sauti yake ikabadilika. “Nilikuwa msomaji wenu, Fundi. Mama yangu alipofariki nilikuwa nafungua hiki kitabu kila kinapotoka, nawakuta wote wamo, Chuma Tupu yuko kituo cha basi. Niliwachukia. Nikajiuliza, mbona mama yangu tu?”

Fundi akasimama. Alichukua koti lake akatoka, na mimi nikamfuata, kwa sababu nilijua anakokwenda.

Wifi alikuwa ameketi kitandani, amekonda, mwanya uko palepale. Fundi alimweleza yote huku akitazama shuka. Nilidhani wifi atalia. Akacheka mpaka muuguzi akachungulia.

“Miaka yote hiyo umenirusha angani, umenigongesha maghorofa, umenitumbukiza baharini, hujaniuliza hata mara moja. Leo ndiyo unaomba ruhusa?”

“Siwezi kuuchora uso wako umekufa, mama watoto. Mkono hautaki.”

“Basi usichore uso. Chora mgongo, nife nimesimama. Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake.” Akageuza kichwa kunitazama. “Na kapu mmpe mtu wa kuaminika, siyo huyu, atalisahau kwenye basi.”

Tulicheka sote watatu. Wiki hiyohiyo walimpasua, na hakuamka. Sina namna nzuri ya kulisema hilo, na nimechoka kuitafuta. Nilimpenda wifi yangu.

Fundi aliporudi kazini Binti Kalamu alikuwa ameshajua. Alisimama mbele ya meza yake, macho mekundu, ameshika karatasi mpya.

“Nisamehe, Fundi. Nimeandika upya. Shangazi anabaki. Wala hakuna mwandishi mwingine atakayemgusa, nitahakikisha.”

Fundi aliisoma karatasi, akamrudishia.

“Andika kama ulivyoandika mwanzo.”

“Fundi…”

“Nitamchora vipi kila mwezi anacheka, halafu nikirudi nyumbani hayupo? Nitakuwa nimewadanganya watoto, na mimi mwenyewe nimejidanganya. Mwache afe, mwanangu. Acha na wengine wamlilie, nisilie peke yangu.”

Basi akamchora. Shangazi Radi alikufa amesimama, ametupa mgongo, ameuzuia ukuta wa maji usiufikie mji. Kisha ukurasa wa mazishi. Pale Fundi aliwatoa wastaafu wake wote umatini, akawaweka mbele kwa mara ya kwanza: Chuma Tupu na kitambi chake, Daktari Giza amevua miwani, wasomi wa mwalimu na makabati ya Ngumi bega kwa bega. Binti hakuweka neno hata moja kwenye ukurasa ule, kwa hiyo mimi sikuwa na kazi. Nilikaa nikautazama tu.

Msichana wa vyuma akachukua duara la saba. Ni mzuri, watoto wanampenda. Lakini barua zilikuja nyingi kuuliza Shangazi amefichwa wapi, kituo cha basi au sokoni. Na mimi, mtu mzima niliyemwaga mchanga kaburini, nilijikuta kila mwezi nainamia umati nikitafuta mwanya.

“Unatafuta nini?” Fundi aliniuliza siku moja.

“Pua.”

“Hayupo,” alisema taratibu. “Wengine wote wamo. Yeye hayupo.”

Mwezi uliopita nililetewa ukurasa wenye purukushani: mashine zimeingia mjini, watu wanatimka kila upande. Pembeni, penye kituo cha basi, kuna benchi. Ameketi mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, ambaye Fundi hajawahi kumchora. Hakimbii. Amepakata kapu, amelishika kwa mikono miwili, na amejibana upande mmoja wa benchi kama mtu aliyemwekea mwenzake nafasi.

Binti Kalamu alikuwa ameandika “Kimbieni!”, na kwenye ukurasa ule palikuwa na mahali pamoja tu pa wazi pa kuweka kiputo, pale kwenye benchi, ubavuni mwa mzee. Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda. Kisha nikakisogeza kiputo juu, kikamfunika msichana wa vyuma pua yote.

Nilimpelekea Fundi ukurasa. Aliutazama sana, akashusha miwani, akanitazama na mimi. Hakuniuliza kuhusu pua.