Namba Kumi Kiwandani

Harufu ya maganda ya kahawa hunirudisha kiwandani, tulikomwaga magunia chini tutenganishe kahawa mbichi na mbivu. Wanawake walibishana kama timu ya wasichana ya soko letu ingepanda daraja msimu ule, namba kumi nikiwa mimi. Hawakujua kwamba Mama, aliyekuwa akichambua kando yangu, alinikataza mpira, na mazoezini nilienda kwa siri.

“Huyu? Upepo ukivuma ataanguka,” jirani yetu alisema.

Niliinama, nikachambua tena fungu lililokwisha kuwa safi. Hata leo nikiogopa, mikono yangu hutafuta makosa.

Mama akafoka. “Upepo gani? Juzi aliwapita wasichana watatu, akatoa pasi bila hata kuangalia!”

“Kwani ulimwonea wapi?” jirani akauliza. Wote wakacheka.

Nikanong'ona, “Basi Jumamosi nicheze?”

“Nimeshakusifu mbele ya watu,” Mama akanung'unika. “Nitafanyaje sasa?”