Gari-Nyumba Lililotokwa na Jasho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya Migori, niliambiwa kwamba gari lililoletwa kwa meli halikauki maisha. Bahari hubaki ndani ya mbavu zake, na mwezi ukiwa mpevu bahari hiyo hukumbuka kwao ikaanza kutoka. Aliyeniambia ni Foremani wetu, mtu wa Isebania aliyewahi kubeba mizigo bandarini Mombasa, kwa hiyo kwangu alikuwa profesa wa bahari. Niliamini kabisa. Nililamba ukuta wa gari nikaapa mbele ya gereji nzima kwamba nimeonja chumvi, tena chumvi ya kutosha kukolezea samaki wote wa Homa Bay.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba juu ya magurudumu: kitanda, sinki, jiko la gesi na kabati, vyote nyuma ya dereva. Wazungu waliolileta walitembea nalo mpaka likazeeka, wakaiachia misheni moja, nayo ikaligeuza zahanati. Muuguzi wake, Sista Roselida, alizunguka nalo Macalder kwa wachimba dhahabu na vijiji vya jirani, akalala humo humo. Ilikuwa miaka ya tisini. Nyinyi vijana hamkuiona, na heri yenu. Kila wikendi ilikuwa mazishi ya ule ugonjwa usiotajwa jina. Maseremala wa ng'ambo ya barabara waliacha kuunda vitanda, wakaunda majeneza tu, hata sisi tukakosa mbao za kutengenezea magari.

Padri Msimamizi, aliyekuwa mkubwa wa Sista, alitupa onyo mapema. "Dawa zikiota ukungu tena, hili gari linaenda Kisumu kuuzwa chuma chakavu. Siwezi kuwapa wagonjwa vidonge vilivyooza."

Basi tukaanza. Gari-nyumba la zamani halina mwili wa chuma kama lori. Lina fremu ya mbao. Nje bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi, na katikati sponji ya kuzuia joto. Maji yakiingia hapo katikati huyaoni. Unayatafuta kwa bisibisi: unagonga ukuta, ukisikia mlio mzito unachoma, na bisibisi ikizama kama kidole kwenye ugali, ujue mbao imeoza. Ile yetu ilizama mpaka mpini. Ningesukuma kidogo ingetokea Tanzania.

Tulibandua plaiwudi, tukakata uozo mpaka tukafika kwenye mbao inayolia ngo! Tukaunga mbao mpya kwa gundi na skrubu, tukakausha kwa jiko la makaa, kisha tukapanda juu. Ugonjwa ulikuwa huko. Pale bati la paa linapokutana na bati la ubavu pana mshono, na ndani ya mshono pana mastiki, ule ulimbo mzito wa kuzuia maji. Wetu ulikuwa umekauka kama maganda ya muhogo. Tukaukwangua wote, tukaweka mwingine, tukalimwagia gari maji ya mpira asubuhi nzima. Ndani halikuingia tone.

"Tumemaliza, Foremani," nikasema, kifua mbele.

"Tumemaliza mvua, omera, ndugu yangu. Bahari bado."

Na kweli. Nilipohamishiwa tawi letu la Homa Bay gari lilinifuata. Sista Roselida aliteremka, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ouma, gari inalia tena."

Niligusa ukuta nyuma ya kabati. Ulikuwa umelowa kama shuka la mwenye homa. Pamba ilikuwa na madoa meusi, vidonge vimeshikana. Nikapanda paani: mshono mzima, mkavu, mzuri kuliko sahani. Maji yalikuwa yanatoka hewani!

Meneja wa Homa Bay alikuwa mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Nikampelekea ripoti nikiwa nimesimama wima.

"Ni bahari, Meneja."

"Bahari? Wewe ulisoma wapi?"

"Ngumbaru, Meneja. Masomo ya jioni. Nimehitimu."

"Kadai urudishiwe ada yako." Akazunguka gari mara kadhaa, akagonga hapa na pale. "Pakeni lami paa lote."

Tukapaka. Gari likawa kama kiboko aliyetoka topeni. Ndani likaendelea kulia.

Mara ya mwisho nililifuata mwenyewe hadi Macalder, na ubao mpya wa ukuta. Lilikuwa limeegeshwa mlango ukitazama kichakani. Madirisha yote yamefungwa, mapazia mazito yameshushwa, jua kali nje. Ndani sufuria ya kuchemshia sindano ilikuwa ikitokota, na wagonjwa wamebanana kitandani na sakafuni wakingoja zamu. Joto lile lingeivisha dagaa wa omena. Kijana mmoja, mchimba dhahabu, alikuwa amevuta kofia mpaka puani. Nilimjua. Nikajifanya simjui.

"Sista, fungua hata dirisha moja, tutaiva humu," nikasema.

"Huyu akionekana hapa, kesho soko lote litakuwa limeshamzika. Wewe funga ubao wako, Ouma, uniache."

Nikafunga ubao.

Mvua ndefu zilipoanza, Padri Msimamizi alikuja mwenyewe. Alifungua kabati, akatoa bunda la pamba jeusi tititi, akaliweka juu ya kitanda bila kufoka. Nadhani angefoka ingekuwa nafuu.

"Sista, nilisema."

"Nipe mwezi mmoja, Padri. Kuna watu wako katikati ya dawa."

"Waende hospitali. Migori iko, Homa Bay iko."

"Hawataenda. Huko wanakaa kwenye benchi ya nje, kila mtu anawaona."

Gari likavutwa na lori. Sista akabaki barabarani na begi lake, mpaka tope lilipofunika alama za magurudumu. Na alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Wengi hawakwenda popote. Yule wa kofia alizikwa kabla mahindi hayajakomaa, na mbao zikazidi kuwa adimu.

Nimestaafu sasa. Mikono yangu haikazi tena skrubu, lakini mdomo bado mzima. Vijana wote niliowafundisha kazi niliwafundisha kugonga ukuta, kukwangua mastiki, na kuheshimu bahari iliyo ndani ya gari. Mwaka huu nikaenda kumsalimu Sista Roselida kwake, Homa Bay. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Nikataka kumfariji, nikamwambia asihuzunike kwa lile gari: lilivuka bahari, na bahari haina fundi.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto.

"Bahari gani, Ouma? Madirisha yamefungwa mchana kutwa, sufuria inachemka, watu wamejaa wanapumua. Hiyo mvuke itaenda wapi? Inashika kwa ukuta. Maji yako yote ilikuwa ni pumzi ya watu wangu."

"Wewe ulijua?"

"Ule msimu wa mwisho, nilijua."

"Sasa mbona hukufungua, Sista?"

"Ningefungua, nani angeingia?"