Kadi za Harusi Kwenye Kitanda cha Watoto

Saa moja asubuhi mvua bado inapiga bati, na chumba cha watoto hakina mtoto hata mmoja. Kitanda cha ghorofa kimejaa kadi. Zimelazwa kwenye mbao, juu na chini, kila moja ikiwa na ua jeupe lililovimba katikati, na hakuna iliyogusana na nyingine.

Mwanamke aliyeinamia meza ya dirishani hainui kichwa mgeni, mwandishi mwenye daftari, anapoingia. Mkono wa kushoto umebana stensili, kipande kigumu kilichotobolewa umbo la ua, juu ya karatasi. Wa kulia umeshika kadi ya benki iliyokwisha muda, ukingo wake umejaa rojo jeupe. Anaivuta mara moja tu, kutoka juu hadi chini, mkono mwepesi kama wa mtu anayepaka siagi mkate laini. Kisha anainua stensili moja kwa moja kwenda juu, bila kuiburuta, na kuitumbukiza kwenye beseni la maji kabla rojo halijakauka kwenye matundu.

"Karibu, ila usikae kitandani," anasema. "Hiyo ni harusi ya watu."

Mtaani wanamwita Mama Kadi. Anatengeneza kadi za mkono: za harusi, za pole, za kumuaga aliyestaafu, za kumpongeza aliyejifungua. Hana mashine. Ana stensili, wino wa rangi sita, vipande vya sponji na rojo analolikoroga mwenyewe kwenye kopo la maziwa: gundi nyeupe ya maseremala, poda ya watoto na rangi nyeupe ya maji kidogo. Likikauka linakuwa gumu na kubaki limevimba juu ya karatasi, hata ukifumba macho unaliona kwa vidole.

Leo si siku ya kawaida. Saa tatu anakuja mteja mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapata, kuchukua kadi mia moja na ishirini. Ni shangazi wa bibi harusi, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mama huyo ndiye anayepamba kumbi karibu zote za upande huu wa mji, na watu wamemzoea kwa jina la Mama Ukumbi. Akiridhika, kadi za harusi anazozisimamia zitatoka kwenye meza hii. Asiporidhika, Mama Kadi atarudi kuuza mojamoja.

Na Mama Kadi amekwisha kupiga hesabu yake. Kazi za Mama Ukumbi zikija, atapanga chumba kilicho tupu nyuma ya duka la dawa. Watoto wake wawili watarudi kulala kitandani kwao. Sasa hivi wanalala kwenye godoro sebuleni, kwa sababu rojo linataka mahali pa kukauka, na nyumba hii haina pengine.

"Mtu akiniuliza kwa nini watoto wangu wanalala chini, sina jibu zuri," anasema. "Nina jibu la kweli tu."

Hakuzaliwa na kazi hii. Kwa miaka tisa alikaa mapokezi kwenye zahanati, mlango wa pili kutoka chumba cha eksirei. Kazi yake ilikuwa kuandika wagonjwa na kuwatuliza waliochoka kusubiri. Muuguzi mkuu alipostaafu, wenzake walichanga wakanunua kadi ya dukani, na Mama Kadi akaiona ni ya aibu.

"Ilikuwa na picha ya mbwa," anakumbuka. "Mwanamke amezalisha nusu ya mtaa, mnampa mbwa?"

Siku ile alichukua filamu ya eksirei iliyokuwa ikitupwa, akakata ndani yake umbo la mikono miwili iliyokinga mtoto, akaiweka juu ya karatasi na kugonga wino kwa sponji. Muuguzi alilia. Daktari akaagiza ya mke wake. Mhasibu akaagiza mbili, na hakusema ya pili ni ya nani.

Zahanati ilipoanza kusoma eksirei kwenye kompyuta, filamu zikaisha na kazi ya mapokezi ikapunguziwa watu. Mama Kadi aliondoka na barua ya shukrani na gunia la filamu chakavu. Sehemu zenye majina ya wagonjwa alizikata na kuzichoma moto kabla hazijaingia nyumbani. Zilizobaki ndizo stensili zake mpaka leo. Filamu ya eksirei haipindi, hainywi maji, na wembe unapita ndani yake bila kuichana. Ukiinyanyua stensili yake ya matawi kwenye mwanga, utaona mbavu za mtu asiyejulikana zikipita nyuma ya majani.

Ua la harusi hii limekatwa kwenye goti la mama mkwe wake.

"Goti lenyewe halikupona, angalau picha yake ifanye kazi," anasema mama mkwe, ambaye ameketi upande wa pili wa meza na vidole vyake viwili vimebana pembe ya stensili. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anaishi na mwanawe na mkwewe tangu goti lilipomkatalia ngazi za kwake.

Asubuhi hii wawili hao wanafanya kazi kama watu walioanza pamoja. Mpaka juzi haikuwa hivyo. Kwa miaka mitatu mama huyo aliiita kazi ya mkwewe kuchezea gundi, na alimwambia kila aliyemtembelea kwamba katika nyumba hii karatasi zina kitanda na wajukuu hawana.

Alhamisi jioni alichukua hatua.

Mama Kadi alikuwa amekwenda kutafuta bahasha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, sakafu ya sebuleni ilitoa ubaridi, na mjukuu mdogo alikuwa anakohoa. Bibi alivumilia mpaka akashindwa. Akaingia chumbani, akakusanya kadi zote za kitanda cha chini, akazipanga vizuri kwa usawa, moja juu ya nyingine. Na kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba karatasi ikipata unyevu hukunjamana, akaweka juu yake begi la vitabu vya shule. Kisha akatandika shuka na kumlaza mtoto.

Rojo lilikuwa bado bichi. Mama Kadi aliporudi, kadi zipatazo arobaini zilikuwa kitu kimoja, kama tofali. Alipojaribu kuzibandua, maua yalitoka na ngozi ya karatasi.

Mgeni anamuuliza alisema nini. Mama Kadi anaendelea kupaka rojo.

"Sikusema kitu. Mtoto alikuwa amelala, hakohoi. Ningesema nini? Nilitoka nje nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu."

Mume wake, ambaye ni fundi wa kuchomelea, ndiye aliyemweleza mama yake kilichotokea. Anasimulia kwamba mama aliomba aonyeshwe kadi moja iliyoharibika, akaikwaruza kwa ukucha kwa muda mrefu. Kesho yake, Ijumaa, Mama Kadi alipoketi kuanza upya, alikuta kiti cha pili kimesogezwa mezani. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu, ashike wapi.

Alikuwa mshonaji ujana wake, na mkono wake hautikisiki. Stensili inayobanwa na mtu wa pili haitelezi, na rojo halipenyi pembeni. Kazi iliyokuwa ikienda kadi moja moja sasa inakwenda haraka mno kwa hatua zote, isipokuwa moja. Kukauka hakuna njia ya mkato. Wakati wa jua ni saa chache, lakini mvua kama hii hutaka siku nzima na usiku wake. Jana mume alishauri wazipulizie joto la kikaushio cha nywele. Mama Kadi aliwahi kufanya hivyo mwaka wake wa kwanza, na maua yote yakatoka malengelenge kama mtu aliyeungua na uji. Alimwambia baba watoto ashughulike na vyuma vyake.

Hivyo saa mbili na nusu ukweli ni huu: kadi themanini na kitu ziko tayari ndani ya bahasha, na zilizobaki hazitakauka kabla ya kesho. Mama Kadi anajua anachotakiwa kumwambia mteja. Anajua pia sifa za mteja huyo. Kuna mwokaji keki mtaani ambaye bado anasimulia jinsi keki yake ya ngazi tatu ilivyorudishwa kwa kuwa iliinama kidogo upande wa kushoto.

Mama Ukumbi anafika saa tatu kamili, mwavuli mkononi, gari likiunguruma nje. Ni mwanamke mnene, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kuangalia dari kwanza, kisha kuta, kisha mtu. Anasalimia. Anaulizia mzigo wake.

Mama Kadi anamwambia bila kuzunguka kwamba mzigo haujakamilika. Zilizo tayari ni hizi, nyingine ziko kitandani, mbichi, na zitatoka kesho saa nane.

"Tulikubaliana leo," anasema Mama Ukumbi.

"Tulikubaliana leo. Nimechelewa."

Mama Ukumbi anakisogelea kitanda na kunyoosha kidole kuelekea ua lililo karibu. Kabla hajalifikia, mkono wa mama mkwe umeshamdaka kifundoni. Hakuna aliyemwona akinyanyuka, na kwa goti lile si jambo dogo.

"Usiguse, mwanangu. Likiguswa sasa limekwisha."

Wanawake wawili wanatazamana. Si kila siku Mama Ukumbi anakamatwa mkono.

"Na kuchelewa kusimpe lawama huyu," anaendelea mama mkwe. "Mimi ndiye niliyeziharibu za kwanza. Nilizipanga mbichi nikazikandamiza na begi. Nilidhani nasafisha."

"Mama, acha," anasema Mama Kadi.

"Niache nini? Aliyezipanga ni wewe?"

Mama Ukumbi haulizi zaidi. Anafungua bahasha moja kati ya zilizo tayari, anatoa kadi, anaipeleka dirishani. Anaipinda kidogo. Anapitisha ukucha juu ya ua, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. Hakuna kinachopasuka wala kubanduka. Anafunga macho na kuupitisha mkono tena, na safari hii hakagui, anapapasa tu.

"Za mwaka jana nilichapisha kwa mashine," anasema hatimaye. "Wageni walizitupa palepale mlangoni. Nilizifagia mwenyewe."

Anasema atabeba zilizo tayari, zianze kugawiwa kwa wageni wa mbali. Dereva atafuata nyingine kesho saa nane, si saa nane na robo. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, anageuka kama aliyesahau kitu kidogo. Ana harusi mbili za mwezi ujao. Anazitaka kadi zake baada ya wiki moja.

Hapa ndipo mtu mwingine angeitikia kwanza na kuhangaika baadaye. Mama Kadi anafuta vidole kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine.

"Wiki tatu," anasema.

"Tatu? Una karatasi za dhahabu?"

"Nina mvua. Jua likitoka zitakuwa mbili. Ukizitaka kwa wiki moja, ndugu yangu, mashine zipo, na ufagio unao."

Mama mkwe anainamisha uso kwenye beseni la stensili ili asionekane. Mdomo unamcheza Mama Ukumbi upande mmoja.

"Wiki tatu," anasema, na kufungua mwavuli.

Gari likishaondoka, Mama Kadi anaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Hashangilii. Anaeleza kwamba miezi mizuri kazi hii humpa mara mbili ya mshahara wake wa mapokezi, na miezi mibaya humpa nusu yake, kwa hiyo oda moja haijamtoa kwenye shida. Harusi tatu mfululizo ni jambo jingine. Hizo zinalipa kodi ya chumba.

Keshokutwa anakwenda kumwona mwenye nyumba wa nyuma ya duka la dawa. Chumba amekwisha kukikagua mara mbili, mara moja kwa ruhusa. Kina madirisha mawili yanayotazamana, upepo unaingia huku na kutokea kule. Mume wake atamtengenezea rafu za wavu wa chuma, ili hewa ipite chini ya kadi kama inavyopita juu. Anataka pia kufundisha wanawake wawili au watatu, wawe wamezaa, kwa sababu, anasema, aliyewahi kumsubiri mtoto alale anaweza kusubiri rojo.

Na mama mkwe?

"Mama ana kiti chake karibu na dirisha, nimeshamwambia. Atashika stensili, ataosha, atapokea wageni." Anachukua karatasi nyingine, anaiweka sawa chini ya ua, na bibi anabana pembe bila kuambiwa. "Kupanga, hapana. Kupanga atanisubiri mimi."